Tasfida ya Nyama

Husemwa kwamba Kiswahili hakina haya mezani: nyama ya ng'ombe, nyama ya mbuzi, mnyama hutajwa wazi. Kiingereza humpa jina moja zizini na jingine sahanini, urithi wa Kifaransa cha watawala walioiteka Uingereza mwaka 1066.

Sifa hiyo ni nusu ya ukweli. Nguruwe akiiva hupoteza jina: Dar es Salaam ni kitimoto, hapa Kigali ni akabenzi, yaani "kibenzi", kutokana na gari la Benz. Hii ndiyo tasfida. Lakini inamficha nani? Si mnyama, bali mlaji, asimkwaze jirani ambaye dini yake inaikataza nyama hiyo. Hiyo ni adabu, na mwanafunzi afundishwe.

Wapo, hata hivyo, wapenzi wa mishikaki wasiotaka kusikia neno machinjio, eti linaharibu hamu. Tasfida hiyo humfuta mbuzi pamoja na mchinjaji aliyeamka alfajiri. Walimu tusiikubali. Anayefundisha bucha afundishe na machinjio.