Nakshi Yenye Kazi

Katika vyuo vya ualimu vya zamani kulikuwa na somo la maandishi ya ubaoni. Nililifundisha kwa miaka mingi kabla ya kuwa mkuu wa chuo, na kanuni yangu ilikuwa moja: chaki ya rangi isitumike ila pale inapofanya kazi ambayo chaki nyeupe haiiwezi. Mwanachuo aliyezungushia ubao maua ya kijani alipata alama ndogo, hata kama ubao wake ulipendeza. Aliyepigia viambishi tu mstari mwekundu, watoto wakaviona mara moja, alipata alama kubwa. Nataka kuitumia kanuni hii kuvipima vitabu viwili ambavyo si vya shule hata kidogo, nami namwomba msomaji anivumilie.

Vitabu hivyo viko Dublin, mji mkuu wa Ireland, katika maktaba ya Chester Beatty iliyomo ndani ya viwanja vya Ngome ya Dublin. Mwaka 2014 nilikaa mjini humo majuma matatu kwa binti yangu, nikaenda maktabani mara nne. Kiingilio hakuna. Taa zake ni hafifu, kwa sababu mwanga hula rangi, na kila kitabu kimefunguliwa mahali pamoja tu chini ya kioo. Hivyo mtu huondoka amezitazama kurasa mbili za kitabu chenye mamia. Baadaye picha za kurasa nyingi zimewekwa kwenye intaneti, na mengi ninayoyasema hapa nimeyapata kwa kuzirudia picha hizo nyumbani, kwa utulivu na kwa miwani.

Kitabu cha kwanza ni msahafu ulioandikwa Baghdad mwaka 391 wa Hijra, yaani 1000 au 1001 Miladia. Mwandishi wake ni Ali ibn Hilal, ajulikanaye zaidi kama Ibn al-Bawwab, yaani mwana wa bawabu, neno ambalo sisi nasi tunalo. Alifariki mwaka 1022. Mapokeo husema aliandika misahafu 64. Huu wa Dublin ndio pekee ambao wataalamu wanakubaliana kuwa ni wa mkono wake. Una karatasi 286, nao ni mdogo kuliko daftari la mwanafunzi. Hati yake ni ya mviringo, imesimama wima bila kujikaza, mistari kumi na mitano kwa ukurasa. Kabla yake misahafu mingi iliandikwa kwa hati ya Kikufi, yenye herufi nene na pembe kali, mara nyingi juu ya ngozi, na maneno machache tu yalienea ukurasa mzima. Huu ni wa karatasi, na unasomeka. Mtoto wa chuoni kwetu Pangani au Lamu angeweza kuufungua leo akaendelea pale alipoishia jana.

Sasa tuitazame dhahabu yake. Mwisho wa aya umetiwa vitone vidogo. Kila aya tano zikitimia, huwekwa herufi ha ya dhahabu, kwa kuwa katika hesabu ya abjadi ha ni tano. Zikitimia kumi, herufi nyingine hushika zamu, na pambizoni huchorwa duara lenye nakshi ili jicho lisipotee. Vichwa vya sura vimeandikwa kwa dhahabu. Kurasa za mwanzo, ambazo ukizitazama kwa mbali utadhani ni zulia, kwa kweli ni takwimu: idadi ya sura, ya aya, ya maneno, ya herufi, hata ya nukta. Hapo ndipo nilipopigwa na mshangao. Kurasa zilizopambwa kuliko zote ndizo zinazofanya kazi ya karani. Zinamwambia atakayenakili baadaye: haya ndiyo mahesabu, ukipungukiwa rudi ukahesabu tena. Kwa kanuni yangu ya chaki, mwana wa bawabu anapata alama zote.

Kitabu cha pili ni cha Ulaya, kilichotengenezwa Paris yapata mwaka 1443 hadi 1445 kwa ajili ya Prigent de Coëtivy, amiri jeshi wa majini wa Ufaransa. Ni kile kinachoitwa Kitabu cha Saa, cha sala za Kikristo zilizopangwa kwa nyakati nane za mchana na usiku, kwa matumizi ya mtu asiye padre. Mchoraji wake hatumjui kwa jina. Wataalamu humwita Bwana wa Dunois, kwa sababu ya kitabu kingine alichomchorea mtu wa jina hilo. Picha zake ni nyingi mno. Kuna anga za buluu, mavazi yenye mikunjo, majani ya dhahabu yanayotambaa pambizoni kama mtango. Na mara kwa mara, katikati ya majani hayo, utaona ngao ya ukoo wa de Coëtivy pamoja na kauli mbiu yake.

Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema: huyu ndiye yule mwanachuo wa maua ya kijani. Mimi nasema tungoje kidogo. Kwa kawaida ya vitabu hivi kila saa ya sala hufunguliwa na picha yake: Malaika akimpasha habari Mariamu kwenye sala ya kwanza, kuzaliwa kwa Yesu kwenye nyingine, wachungaji kwenye inayofuata. Mwenye kitabu hakuhitaji namba za kurasa. Alitafuta picha akafika. Hata kalenda ya mwanzoni hutenganisha sikukuu kubwa na siku za kawaida kwa rangi ya wino. Kwa hiyo sehemu kubwa ya picha hizi ni alama za njiani, sawa na yale maduara ya Baghdad. Ugumu uko kwenye ngao. Ngao haimwonyeshi msomaji sala yoyote. Kazi yake ni nini?

Nimelifikiria swali hili kwa muda, na jibu langu ni kwamba ngao inafanya kazi ambayo msahafu wa Baghdad haukuifanya: inamtaja aliyelipa. Ibn al-Bawwab ametaja jina lake, mji wake na mwaka, akaomba msamaha wa Mungu. Aliyetoa gharama hakutajwa. De Coëtivy, aliyeuawa mwaka 1450 katika mazingiwa ya Cherbourg, hakukubali kusahaulika. Twaweza kuiita majivuno. Lakini ni majivuno yenye ukweli, kwani dhahabu haishuki toka mbinguni.

Basi yupo mlipaji wa tatu, ambaye ngao yake haimo ndani ya vitabu. Alfred Chester Beatty alizaliwa New York mwaka 1875, akaanza maisha kwa koleo ndani ya migodi ya Colorado, ambako vumbi lilimharibu mapafu. Baadaye akawa tajiri, na sehemu kubwa ya utajiri huo ilitoka katika shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kampuni zake zilikuwa nyuma ya mgodi wa Roan Antelope, Luanshya. Migodi ya huko iliwavuta vijana wa mbali, wakiwemo Wanyakyusa wa kwetu Rungwe. Mwezi Mei 1935 wachimbaji Waafrika waligoma kwa sababu ya kodi iliyopandishwa. Tarehe 29 polisi walifyatua risasi Luanshya, na watu sita wakafa.

Sisemi kwamba Beatty aliamuru risasi, wala kwamba vitabu vina damu. Namtendea haki: wakati wake wafanyabiashara walikuwa wakivunja miswada na kuuza karatasi moja moja. Shahnama kubwa ya Kiajemi ilivunjwa hivyo mjini Paris, na baadhi ya karatasi zake ziko Dublin. Miswada yake mingi ya Ulaya aliiuza mnadani London mwaka 1932 na 1933, lakini ya Kiislamu aliishikilia, na alipofariki mwaka 1968 aliiacha maktaba yake kwa faida ya umma. Bila yeye huenda nisingeiona ile herufi ha. Ninalosema ni kwamba uhakiki unaosifu wino, karatasi na mkono wa mwandishi, ukanyamaza juu ya koleo, haujamaliza kazi. Pambizo la kumtaja mchimbaji wa Luanshya halimo katika kitabu chochote kati ya hivi viwili. Basi na liandikwe na sisi wasomaji.

Na sisi tunavyo vya kwetu. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, wanazuoni wa karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa walinakili misahafu wakaitia nakshi kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, juu ya karatasi zilizoletwa kutoka Ulaya. Baadhi imehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa. Dhahabu haimo. Lakini rangi hizo tatu zinatenganisha sura na aya na kumwelekeza msomaji njia, kama ilivyokuwa Baghdad. Waliozinakili walikuwa mabingwa, na wanastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho tunachowapimia wa Baghdad na wa Paris, wala si kwa huruma. Mwalimu wa sanaa anayetaka mfano wa rangi iliyotumiwa kwa akili asisubiri safari ya Dublin. Mombasa ni karibu, na wanafunzi wake wataelewa haraka zaidi.