Dirisha Lilibaki Upande Wangu

Mwaka jana nilimwagiza fundi wa Keko anitengenezee kabati la vitabu lenye urefu wa futi 6 na nusu. Vitabu vyangu vingetosha kwenye boksi mbili. Nilichotaka ni ukuta. Kabati lisimame katikati ya chumba ninachoishi na mdogo wangu wa kike hapa Kurasini, upande mmoja tulale, upande mwingine nifanye kazi. Ninahariri na kutafsiri kwa malipo ya ukurasa, na nilikuwa nimechoka kufanyia kazi kitandani, kompyuta juu ya mto, mgongo ukiuma kama wa kuli wa bandarini.

Chumba chetu ni futi 12 kwa 14, kimoja kati ya sita vya nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, uani jiko na choo cha wote. Kina mlango mmoja na dirisha moja. Kabati lilipofika, wapangaji wenzangu wawili walinisaidia kulisukuma mpaka likakaa sawa. Nikaweka meza chini ya dirisha, nikapanga vitabu, nikapiga picha. Ilipendeza.

Mdogo wangu, anayesoma uhasibu chuo cha jirani, alikaa kwenye godoro lake upande wa pili akautazama mgongo wa kabati. "Kaka," akasema, "mbona dirisha limebaki upande wako?"

Nikamjibu kwamba mchana yuko chuoni, na usiku dirisha halina kazi. Alinyamaza. Nilidhani amekubali.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nasoma upya kitabu cha Virginia Woolf, A Room of One's Own, kilichotoka mwaka 1929 kutokana na mihadhara aliyoitoa mwaka uliotangulia kwa wanafunzi wa kike wa Cambridge. Hoja yake inajulikana: mwanamke anayetaka kuandika anahitaji pesa, na chumba chenye kufuli. Hata kiasi anakitaja, pauni 500 kwa mwaka. Kinachonivutia zaidi ni kwamba Woolf hataki kuzungumzia kipaji kabla ya kuzungumzia chakula. Anatupeleka kwenye meza ya chuo cha wanaume, kuna samaki, kware na mvinyo. Kisha kwenye meza ya chuo cha wanawake, kuna supu nyepesi, nyama ya ng'ombe na plamu kavu. Baada ya hapo ndipo anauliza kwa nini wanaume wameandika vitabu vingi zaidi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, anayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kumlipa dalali juu yake, huyu ni mwandishi anayeelewa maisha. Nilipigia mistari karibu kila ukurasa.

Sasa nikiipitia mistari ile naona kosa langu. Kila Woolf alipoandika "mwanamke," mimi nilisoma "mwandishi," na mwandishi nikawa mimi. Kitabu kinachouliza kwa nini dada hakupata chumba ambacho kaka yake alipata, nilikisoma nimekaa dirishani, dada yangu akiwa gizani nyuma ya plaiwudi.

Siyo kosa la msomaji peke yake. Kitabu chenyewe kina mahali kinapopita haraka. Msimulizi anapata pesa zake kwa urithi wa shangazi aliyeanguka kutoka kwenye farasi huko Bombay, na ukurasa unasonga mbele. Shangazi alizipataje hatuambiwi. Chumba chenye kufuli nacho kinahitaji mtu wa kukifagia. Nyumbani kwa Woolf mtu huyo alikuwepo. Mpishi wake, Nellie Boxall, aliishi na kufanya kazi chini ya paa hilohilo kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka uleule wa 1929, kitabu kikiwa bado kipya madukani, wawili hao waligombana na Nellie akamwamuru Woolf atoke chumbani kwake. Tukio hilo limo katika shajara ya Woolf mwenyewe. Nalipenda kuliko mengi yaliyomo kitabuni, maana Nellie aliielewa hoja kuliko mwenye hoja: chumba ni chako pale unapoweza kumwambia hata mwajiri wako atoke.

Hapo nikaanza kuwatazama upya walimu wangu wengine, wale wa video za kupanga vyumba vidogo. Nilitazama nyingi kabla ya kwenda Keko. Tenga eneo la kazi na eneo la kupumzika, wanasema, ili akili ijue iko wapi. Ushauri ni mzuri, ila chunguza vyumba vyao. Karibu vyote vina mtu mmoja. Tatizo wanalolitatua ni la mtu huyo kutengana na nafsi yake nyingine, ya kazini na ya nyumbani. Chumba cha Kurasini kina tatizo la zamani zaidi, la kutenganisha watu. Ukichukua dawa ya ugonjwa wa kwanza ukaitumia kwa ugonjwa wa pili, mmoja atapona na mwingine atazidiwa.

Wazee wa pwani walilijua tatizo hili. Chukua nyumba za mawe za Lamu. Upana wa vyumba vyake uliamuliwa na boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, havifiki mita tatu kwa upana. Unaanzia daka, kibaraza cha mlangoni ambako mwenye nyumba aliketi na wageni na kuzungumza biashara. Unapita kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, mpaka ndani kabisa. Kati ya misana hiyo hakuna milango ya kufungwa; kuna uwazi mpana. Kinachogawa nyumba ni kina chake, na adabu ya kujua umealikwa mpaka wapi. Mgeni wa biashara aliishia daka, wala hakuhitaji kuzuiwa na ukuta.

Ni rahisi kuisifu nyumba hiyo mpaka ukasahau nani alikaa wapi. Mwanamume alikuwa na daka na upepo wake. Ndani, pa wanawake, ndipo mwanga ulipofika ukiwa umechoka. Zile zidaka nzuri za chokaa, safu kwa safu ukutani, zinazopigwa picha na kila mtalii, zilipamba ukuta ulio mbali kuliko wote na jua. Nilipolitambua hilo niligeuka kulitazama kabati langu. Nilikuwa nimejenga nyumba ya Lamu ndani ya futi 12 kwa 14, bila hata kupaka chokaa.

Mwisho wa muhula mdogo wangu alipata sapu ya somo moja. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba upande wake hapasomeki: taa iko kwangu, feni iko kwangu, na akiwasha tochi ya simu chaji inaisha kabla ya sura kuisha. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Nilitamani angegomba.

Tulilisukuma kabati mpaka ukutani, likarudi kuwa kabati. Mahali pake tulifunga waya na pazia, kitenge cha mama cha zamani, linalovutwa hadi mwisho au kukusanywa lote. Meza imebaki dirishani lakini haina mwenyewe, ina saa. Kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku ni yake. Alfajiri mpaka mchana ni yangu. Aliye mezani ndiye mwenye dirisha, taa na feni, na mwingine akitaka kitu upande ule anapiga hodi. Kwenye pazia hakuna pa kugonga. Ni neno tu, na neno hilo linafanya kazi kwa sababu wote wawili tumekubali lifanye kazi. Kabati halikuhitaji makubaliano ya mtu, ndiyo maana nililipenda.

Utaratibu huu una gharama. Mteja mmoja aliyekuwa akinitumia kazi za haraka za usiku ameacha, na siku nyingine alfajiri umeme haupo. Kurasa zimepungua. Woolf angesema ndivyo alivyoonya, kwamba fikra zina kodi yake. Ninakubaliana naye bado. Ningemwongezea swali moja tu, la kuulizwa kila anapopatikana mtu mwenye chumba chake mwenyewe: dirisha limebaki upande wa nani?

Sapu ameirudia, majibu hayajatoka. Usiku nakaa koridoni kwenye kigoda, karibu na mlango wetu ulio wazi, nikisoma kazi niliyochapisha mchana, kalamu mkononi. Malori ya makontena yanapita kuelekea bandarini. Nikihitaji kitu nasimama kwenye pazia nasema hodi. Mara nyingi ananijibu karibu. Juzi, nilipofuata chaja, alisema, "Subiri kwanza, kaka, namalizia hesabu."

Nikasubiri.