Ukumbi wa Kaloleni: Nyumba Njema si Mlango

Tunapotaja majengo yaliyo hazina ya taifa la Kenya, aghalabu hatupiti mbali na magofu ya Gedi, milango ya nakshi ya Lamu na Ngome ya Yesu ya Mombasa. Yanastahili kutajwa. Lakini wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na kwa kipimo hicho twataka kulihakiki jengo lisilo na nakshi yoyote, nalo ni ukumbi wa jamii wa mtaa wa Kaloleni, jijini Nairobi.

Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mpita njia. Aje, afanye kazi, kisha arudi kwao. Kwa hiyo alitengewa mahali pa kulaza ubavu, wala hakutengewa maskani. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kukiri kwamba mfanyakazi ana mke, watoto na jirani. Nyumba zake ni za chini, za mawe, zenye mapaa ya vigae. Na katikati ya mtaa ukawekwa ukumbi.

Ugeni wa jengo hili haumo katika umbo lake, umo katika mahali pake na katika uwazi wake. Chumba cha mfanyakazi kilikuwa chembamba, hakina sebule wala baraza. Mtu wa pwani ajua hasara ya jambo hilo: nyumba isiyo na baraza haina pa kuketisha mgeni, na mtaa usio na baraza hauna pa kukatia shauri. Ukumbi ukawa sebule ya mtaa mzima, na kila mkazi aliufikia kwa miguu.

Wenye kuujenga walikuwa na nia yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watawala waliona ni heri wafanyakazi wawe na mahali pa kuchezea dansi na kusomea, wajifunze na ustaarabu wa mikutano, kuliko kunung'unika vichochoroni. Wakazi walijifunza ustaarabu huo barabara, kupita walivyotarajia walimu wao.

Tarehe 23 Aprili 1950 chama cha Kenya African Union na kile cha Wahindi, East African Indian National Congress, vilikutana katika ukumbi huu. Hata mwezi haujatimia tangu Nairobi kupewa hati ya kifalme ya kuitwa jiji, tarehe 30 Machi. Hapo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakaanza mgomo mkuu. Makhan Singh hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Bendera ya Kenya ilipandishwa Desemba 1963, yaani zaidi ya miaka 13 baada ya neno lile kutamkwa Kaloleni.

Huenda msomaji akatupinga kwamba kuta hazisemi, watu ndio husema. Na Makhan Singh angaliweza kunena maneno yale yale chini ya mwembe. Pingamizi hili lina uzito, nasi hatutaki kuyapa mawe sifa ya binadamu. Hata hivyo, ukumbi una adabu yake. Uwanjani umati hushangilia, kisha hutawanyika. Ukumbini watu huketi, hutazamana, hoja hutolewa, huungwa mkono au hupingwa, na mwisho huandikwa. Ukumbi huyafanya manung'uniko yawe azimio. Hapo ndipo tunapoona ubora wa jengo hili: liliacha nafasi ya jambo ambalo mjenzi wake hakulikusudia. Kwa maoni yetu, hicho ndicho kipimo cha juu kabisa cha nyumba ya umma.

Haya si mambo ya kale tu. Kwa miaka mingi imekuwa ikizungumzwa mipango ya kuibomoa mitaa mikongwe ya mashariki ya Nairobi na kujenga maghorofa mahali pake. Watu wahitaji makazi, nasi hatuwezi kuwa na neno dhidi ya makazi. Tunalouliza ni hili: katika ramani hizo mpya, sebule ya mtaa i wapi? Majirani wasiokutana ila ngazini wataamkiana, lakini hawatashauriana. Mjenzi anayehesabu vyumba na kusahau ukumbi humrudisha mkazi kwenye kitanda kile cha zamani, japo safari hii kitanda chenyewe kimo ghorofani.

Walimu wanaofundisha historia ya uhuru wangefanya vyema kuwapeleka wanafunzi katika kumbi za jamii za mitaa yao wenyewe, wakauliza nani aliujenga ukumbi, kwa nia gani, na wenyeji waliutumia kwa nini. Kwa Wamijikenda, kulola ni kutazama. Na jina la Kaloleni lamwingia msikilizaji wao sikioni kama amri ya kuwaambia watu waende wakatazame. Twendeni basi tukatazame, maadamu ukumbi ungaliko.