Manahodha Wengi, Chombo Kimoja: Kamusi Elezo ya Wikipedia kwa Macho ya Arua na Koboko

Wahenga walisema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi wetu huipokea bila swali. Walakini iko kazi moja ya maandishi katika zama zetu ambayo yaelekea kuikana methali hiyo. Kazi yenyewe ni kamusi elezo ya Wikipedia, isiyo na mhariri mkuu, na ambayo kila msomaji anaruhusiwa kushika usukani wake. Katika uhakiki huu tumekusudia kuipima kama tunavyoipima kazi nyingine yoyote: hutungwaje, watungaji wake hupatanaje wanapohitilafiana, na ina faida gani kwa mwalimu na mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Arua au Koboko, katika Nile Magharibi ya Uganda.

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger huko Marekani. Tawi lake la Kiswahili lilifunguliwa mwaka 2003, na miongoni mwa waandishi wake wa awali alikuwamo Mtanzania Ndesanjo Macha. Leo tawi hilo lina makala zaidi ya 75,000, ilhali la Kiingereza lina zaidi ya milioni 6. Wahariri wake hujitolea. Hawapokei mshahara wala ujira wa makala. Makala haibebi jina la mtunzi kichwani mwake, lakini nyuma ya kila makala upo ukurasa wa historia, ambamo kila badiliko limehifadhiwa pamoja na tarehe, saa na jina alilolitumia aliyelifanya. Hapa ndipo tuonapo sifa ya kwanza ya kazi hii. Kitabu kilichopigwa chapa hutuonyesha mwisho wa mawazo ya mtungaji, lakini kamusi elezo hii hutuonyesha pia rasimu zote, pamoja na zile zilizokataliwa.

Je, wahariri wawili wasipokubaliana, hufanyaje? Utaratibu ni mwepesi kuueleza, ingawa si mwepesi kuutimiza. Mmoja huandika, mwingine akiona kosa hurekebisha, au huirudisha makala ilivyokuwa. Ikiwa wa kwanza hakuridhika, hatakiwi kurudisha tena na tena kama watu wanaovutana kamba. Hutakiwa kwenda kwenye ukurasa wa majadiliano, ambao kila makala inao, na kutoa hoja yake pamoja na chanzo chake. Katika tawi la Kiingereza ipo kanuni inayomkataza mhariri kutengua kazi za wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja kwa muda wa saa 24. Shauri likishindikana, wengine huitwa kutoa maoni yao. Likizidi, wale waliokabidhiwa funguo, ambao tawi la Kiswahili huwaita wakabidhi, waweza kuufunga ukurasa kwa muda au kumzuia mgomvi asiandike.

Yafaa tutambue kwamba uamuzi hautolewi kwa kuhesabu mikono tu. Kinachotafutwa ni maridhiano, na maridhiano hupimwa kwa uzito wa hoja na ubora wa vyanzo. Tena mkabidhi hana haki ya kuamua ukweli ni upi. Kazi yake ni kama ya msimamizi wa mkutano, anayetunza utulivu ili wasemaji wasikike. Na pale vyanzo vya kuaminika vinapopingana, kanuni haimlazimishi mhariri kuchagua. Humtaka aeleze nani asema nini, bila kuegemea upande.

Sasa tuujaribu utaratibu huo kwa mfano wa nyumbani. Idi Amin, aliyeitawala Uganda tangu Januari 1971 hadi Aprili 1979, alizaliwa wapi, na lini? Vipo vyanzo visemavyo alizaliwa Koboko, na vipo visemavyo Kampala. Vingine hutaja mwaka 1925 kwa kukadiria, vingine 1928. Yeye mwenyewe hakuacha kitabu cha maisha yake. Tuseme mhariri wa Koboko aandika kuwa mtu huyu ni mzaliwa wa Koboko, na mwingine afuta na kuandika Kampala. Wakifuata hamaki, watafutana mpaka jua litue. Wakifuata utaratibu, watafika kwenye sentensi moja isemayo kwamba vyanzo vinahitilafiana, kisha watavitaja. Sentensi hiyo haitampendeza yeyote kati yao kikamilifu, lakini itamwambia mwanafunzi ukweli mkubwa zaidi kuliko sentensi ya kila mmoja wao, yaani kwamba jambo hili halijathibitishwa.

Mfano wa pili ni wa mipaka. Ardhi ya Nile Magharibi ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909. Mwaka 1910 ikaingia chini ya Sudan, na mwaka 1914 ikatiwa Uganda. Katika siku zetu Koboko ilikuwa ndani ya Wilaya ya Arua hadi ilipofanywa wilaya mwezi Julai 2005, na Arua ikapewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Kwa hiyo mhariri aandikaye kuwa Koboko imo katika Wilaya ya Arua, akitegemea kitabu cha mwaka 1995, na yule anayemkosoa, wote wawili waweza kuwa na chanzo halali. Ugomvi wao hautokani na uongo. Umetokana na kusahau kutaja mwaka. Mwalimu wa insha atakubali kwamba hilo ni somo kubwa kuliko kanuni nyingi za uandishi.

Hadi hapa tumesifu. Lakini uhakiki usio na lawama ni matangazo ya biashara, na kazi hii ina kasoro tatu ambazo hatuwezi kuzifumbia macho.

Kasoro ya kwanza ni uchache wa watu. Utaratibu wote tuliousifu wategemea kuwapo kwa mtu wa pili wa kupinga. Pasipo mtu wa pili, ukurasa wa majadiliano hubaki mweupe, na kosa hukaa kwa amani miaka na miaka. Mwaka 2009 hadi mapema 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Makala zilimiminika, lakini zawadi zilipokwisha kugawiwa, washindani wengi hawakuonekana tena. Waliobaki, wachache, wakaachiwa mzigo wa kuzisafisha kazi hizo.

Hatari ya hali hiyo ilionekana wazi mwezi Agosti 2020 katika tawi la lugha ya Kiskoti. Iligunduliwa kwamba kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo alikuwa ameandika humo makala zaidi ya 20,000 kwa muda wa miaka kadhaa, akibadilisha maneno ya Kiingereza moja moja. Kijana yule hakuwa na nia mbaya, wala hakuvunja mlango. Wenye lugha hawakuwapo kumwambia. Tusijidanganye kwamba Kiswahili kimekingwa na balaa hilo kwa sababu ya wingi wa wasemaji wake. Msemaji asiyehariri hahesabiwi.

Kasoro ya pili ni lugha. Makala nyingi za tawi letu zimefasiriwa kutoka Kiingereza, na mfasiri mwenye haraka, au mashine, hutuletea sentensi zenye sauti ya Kiswahili na mifupa ya Kiingereza. Husomeka kuwa mapigano "yalichukua nafasi" mahali fulani, badala ya kutokea hapo, au kwamba kiongozi "alicheza jukumu" badala ya kutoa mchango. Msomaji wa Unguja au Mombasa huzitambua sentensi hizo mara moja na kuzicheka. Lakini mwanafunzi wa Koboko, ambaye nyumbani hunena Kikakwa, sokoni husikia Kilugbara, Kinubi, Lingala na Kiswahili cha Kongo, na ambaye Kiswahili sanifu hukipata darasani na kwenye maandishi tu, hana sikio la kumwonya. Kwake yeye kilichoandikwa ndicho Kiswahili. Hivyo kosa ambalo pwani ni kichekesho, kwake huwa kanuni.

Kasoro ya tatu yatuuma zaidi. Kanuni hudai chanzo kilichochapishwa, na haikubali utafiti mpya wa mhariri mwenyewe. Kanuni hii ina hekima, kwani bila yake kila mtu angeandika alichoota. Lakini inawapendelea waliokwisha kuandikwa. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, askari wa jeshi la serikali ya wakati ule waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia humo. Idadi ya waliokufa hutajwa kwa tofauti. Wako wazee wanaoikumbuka siku ile, na ushahidi wao ni mzito. Hata hivyo mjukuu akiyaandika maneno ya babu yake katika kamusi elezo, mhariri wa mbali, pasipo ubaya wowote, atauliza: chanzo kiko wapi? Asipojibiwa, ataifuta sentensi. Naye mjukuu atadhani kwamba amefutwa yeye na jamaa zake.

Je, tumlaumu mhariri? Hapana. Mhariri yule hana njia ya kumtofautisha mjukuu mkweli na mzushi. Tukiulaumu utaratibu peke yake, hatutafika mbali. Twaona kuwa dawa iko kabla ya kamusi elezo. Masimulizi ya wazee lazima yakusanywe, yalinganishwe, kisha yapigwe chapa mahali panapohakikiwa: katika majarida ya vyama vya walimu, katika magazeti, katika tasnifu za Chuo Kikuu cha Muni kilichoko Arua. Yakishachapishwa, mhariri atakuwa na cha kushika, na swali lake la chanzo litapata jibu. Kurukia kamusi elezo kwanza ni kupaua nyumba kabla ya kusimamisha nguzo.

Hapa ndipo wajibu wetu walimu unapoanza. Nchini Uganda Kiswahili kimetangazwa mara nyingi kuliko kilivyofundishwa. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likaafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Matangazo hayaandiki vitabu. Mwanafunzi anayetafuta habari za wilaya yake kwa Kiswahili, mara nyingi hukuta makala ya mistari michache, ambayo wenyewe wameipa jina la mbegu. Jina ni zuri, lakini mbegu isiyotiwa maji haioti.

Twapendekeza basi zoezi ambalo halihitaji fedha nyingi. Mwalimu achague makala moja ya mbegu inayohusu eneo lake. Darasa liisome, liorodheshe makosa ya lugha na ya habari, litafute vyanzo, kisha liandike upya kwenye daftari. Kikundi kimoja kitetee maandishi, kingine kiyapinge, na kila hoja isindikizwe na chanzo. Yale yatakayokubaliwa na wote ndiyo yapelekwe kwenye kamusi elezo, hata kama shule ina simu moja tu yenye intaneti. Kwa njia hiyo wanafunzi watajifunza sarufi, watajifunza utafiti, na juu ya yote watajifunza kuhitilafiana bila kuvunjiana heshima. Katika eneo ambalo baada ya mwaka 1979 watu wengi walilazimika kukimbilia Zaire na Sudan, na ambalo leo linawapokea wakimbizi wa Sudan Kusini, somo hilo la mwisho si dogo.

Tukirudi kwenye methali yetu, hatuoni kuwa wahenga walikosea. Manahodha wengi huzamisha chombo pale kila mmoja avutapo usukani pasipo kuwasikiliza wenzake. Wikipedia imeweka utaratibu wa kusikilizana, na kwa hilo yastahili sifa. Lakini katika tawi la Kiswahili, hasa kwa habari za pembe kama Arua na Koboko, shida yetu bado haijawa wingi wa manahodha. Sehemu kubwa ya chombo haina mtu. Walimu wa Nile Magharibi, pandeni.