Sanduku la Chai na Ubao wa Dari

Orkestra ya taarab ya Unguja ikijipanga jukwaani, asili zake hazihesabiki kwa haraka. Ganuni, udi na nai zina nasaba ya Misri. Fidla, akodioni na besi kubwa ni za Ulaya. Maneno ni ushairi wa Kiswahili, vina na mizani kamili. Ni tamasha la macho na masikio, na wengi wakitaka kusifu mseto wa tamaduni hulitaja hilo. Mimi naona anayetaka kujua ufundi wa kuchanganya aanzie kwa ndugu yake maskini, kidumbak.

Muziki wenyewe wa taarab ulianzia juu. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuuleta kutoka Misri kwa ajili ya kasri lake. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha taarab cha Ikhwani Safaa. Siti binti Saad, binti wa Fumba, akaushusha kwa watu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Kidumbak ndiko ulikofika uliposhuka hadi chini kabisa, kwenye nyua za harusi ambako hakuna nafasi ya orkestra wala fedha ya kuilipa.

Vyombo vilivyobaki ni hivi: fidla moja, sanduku, ngoma mbili ndogo ambazo ndizo vidumbak vyenyewe, vijiti vya mkwasa, na cherewa za kutikisa. Ukitazama kwa haraka utadhani watu waliokota walichokipata. Tazama tena vilivyoachwa na vilivyobakizwa.

Fidla haina vikomo shingoni kama gitaa. Kidole ndicho kinachoamua sauti iangukie wapi. Maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu kama Rasti na Bayati, zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Akodioni ya kawaida haiwezi kuzitoa, kwa sababu utabonyeza hiki au kile, na katikati hakuna kitu. Mpiga fidla husogeza kidole unywele mmoja tu, na sauti ya Cairo inatoka kwenye chombo cha Mzungu. Ganuni nayo inazijua sauti hizo, lakini ina nyuzi zaidi ya 70 za kukazwa, na bibi harusi hangoji.

Sanduku ni lile la mbao nyepesi lililokuwa likisafirishia chai. Linapinduliwa, linafungwa uzi mmoja, na upande wa pili wa uzi unafungwa kwenye ufito. Mpigaji akiuvuta ufito uzi unakaza na sauti inapanda, akiulegeza, inashuka. Hili nalo halina vikomo. Besi yake haipandi ngazi kwa hatua, inateleza, na kila inapodonolewa ule ubao mtupu hupiga kishindo, kwa hiyo chombo kimoja kinafanya kazi ya besi na nusu ya kazi ya ngoma. Vyombo vyote viwili vinavyobeba sauti katika kidumbak, basi, ni vile visivyofungwa na noti za kiwandani. Sidhani kama hilo ni bahati tu.

Nyimbo nazo hupunguzwa. Za taarab huchukuliwa, beti hukatwa, moja huungwa na nyingine bila kusimama, na mwendo hupanda kidogo kidogo hadi hakuna aliyekaa kitini. Taarab ya jukwaani husikilizwa kwa utulivu na kutunzwa kwa noti za fedha. Huku kwenye kidumbak ni viuno.

Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, kanuni hiyohiyo ya kuchagua cha kuacha na cha kubakiza ilitumika kwenye picha. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichukua hadibodi, ule ubao wa dari, uliokatwa mraba wa karibu sentimita 60 kila upande, na rangi ya mafuta ya kopo, ya kupakia milango na baiskeli. Rangi hiyo ni kaidi. Ukiweka ya pili kabla ya kwanza kukauka, zinavurugana. Kwa hiyo kuifanya ififie polepole kutoka kwenye mwanga kwenda kivulini ni kazi ngumu. Yeye akaacha vivuli. Alipaka usuli wa rangi moja, ukakauka. Juu yake umbo la chui, bapa, likakauka. Kisha madoa na vitone. Vitone ndivyo vinavyoupa mwili wa mnyama uhai. Milima haipo, mbingu haipo.

Alifariki mwaka 1972, na waliomfuata, wengi wao ndugu zake, waliijaza ile nafasi tupu: ndege, majani, baadaye vijiji na masoko. Ubao nao ukabadilishwa kwa kitambaa kinachokunjika kwenye begi la mtalii. Nyingi ya picha hizo zimesongamana mno kwa jicho langu, ingawa mkono wa vitone bado uko sawa. George Lilanga alifanya jambo gumu zaidi. Alikuwa mchongaji wa Kimakonde, na katika uchongaji huo viungo hubanana kwa sababu vyote vinatoka kwenye gogo moja. Alipohamishia mashetani aliokuwa akiwachonga kwenye rangi, gogo halikuwepo tena, lakini aliubakiza mbanano, akatenganisha mkono na mguu kwa rangi zinazogombana na mistari ya pembeni.

Tukirudi kwenye muziki, taarab ya kisasa imechagua njia nyingine: kinanda cha umeme kinabeba nyuzi, besi na ngoma kwa mkupuo. Kisipokuwa kimerekebishwa kwa ajili ya maqamu, kinarudisha palepale tatizo la akodioni, kwa sauti kubwa zaidi. Na kidumbak kikialikwa kwenye tamasha, fundi mitambo asikimbilie fidla. Hiyo itasikika yenyewe. Maikrofoni ya kwanza iwekwe kwenye sanduku.