Kokwa, Mche na Fasili: Uhakiki wa Vidahizo vya Miti ya Jamii ya Mnazi

Fasili ya kawaida ya mti wa jamii ya mnazi katika kamusi za Kiswahili humweleza msomaji mambo matatu: mti huo unafanana na upi, una kimo gani na una manufaa gani. Mkindu ni wa ukili wa mikeka, mchikichi ni wa mawese, mpopoo ni wa popoo zitafunwazo kwa tambuu. Hoja ya sehemu hii ni kwamba fasili za namna hiyo humfaa aliyesimama mbele ya mti mzima, lakini humwacha mikono mitupu aliyeshika kokwa au anayetazama mche wenye jani moja. Huyo wa pili ndiye mkulima anunuaye miche. Naye ndiye hasa anayelihitaji jina, kwa kuwa akikosea leo, kosa litajulikana baada ya miaka.

Ugumu unaanzia kwenye jani la kwanza. Kwa mti uliokomaa, mgawanyo ni rahisi: jani la mvumo au mkoma limekunjuka kama kipepeo cha mkono, la mtende au mnazi limechanika pande mbili kama unyoya. Katika mche mgawanyo huo haupo. Mvumo, mkoma, mtende, mkindu na hata mchikichi yote huanza na ubapa mmoja usiochanika, ambao mpita njia angeudhania jani la nyasi. Mnazi na mpopoo angalau hujitenga, kwani jani lao la mwanzo limepasuka nchani mfano wa mkia wa samaki.

Kwa hiyo anayetaka kuujua mche hana budi kuufukua taratibu hadi kwenye kokwa, ambayo hukaa imeshikamana nao kwa muda mrefu. Hapo tofauti ni tele. Kokwa ya tende ina mfuo mrefu upande mmoja. Ya mkindu inao pia, ila ni ndogo zaidi. Kifuu cha nazi kina macho matatu, na chipukizi hupitia lile lililo laini. Kokwa ya mchikichi nayo ina matundu matatu, alama ya udugu ambao fasili huutaja bila kuuonyesha. Popoo ikikatwa huonyesha mistari ya kahawia iliyopenya katika weupe wake. Tunda la mvumo kwa kawaida lina kokwa tatu kubwa. La mkoma huwa na moja, ambayo kiini chake kina uwazi katikati. Uotaji wenyewe pia ni ushahidi. Mnazi huchipukia papo hapo kwenye kokwa, ilhali mtende hutoa kikonyo mfano wa bomba na kuchipukia kando. Kikonyo cha mvumo huzama chini sana kabla jani halijaonekana, hata ang'oaye kwa pupa hubaki na jani lisilo na kokwa.

Itapingwa kwamba kamusi si kitabu cha botania. Pingamizi hili lina uzito, lakini mtunga fasili akishaandika "wa jamii ya mnazi" ameshaingia katika botania kwa hiari yake. Tena lugha yenyewe haina uvivu: kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi ni hatua za tunda moja, na zote zina majina. Msamiati huo umemfuata mkwezi na mlaji. Mpandaji hakupata fungu lake.

Mipaka ya kokwa nayo itajwe. Mtende una dume na jike, na jambo hilo halionekani kwa macho katika kokwa wala mche. Kokwa ya takriban miaka 2000 iliyopatikana Masada ilipandwa Israeli mwaka 2005. Ni mwaka 2011, mtende ulipochanua, ndipo ulipojulikana kuwa dume. Mtafiti anapendekeza kidahizo cha mtende kiongezewe maneno machache tu: kokwa yenye mfuo mmoja, jani la kwanza lisilochanika, na jike asiyezaa tende bila chavua ya dume.