Kufunga upya kifundo cha mkono kilicholegea

Waendesha baiskeli wanaoteremsha mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa kutoka Bugarama hadi Bujumbura hushuka zaidi ya mita elfu moja kabla ya kulifikia ziwa. Anayeanguka njiani hutanguliza kiganja. Uzito wa mwili, mzigo na mwendo vyote hupita kwenye mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono. Mfupa ukivunjika, mara nyingi eksirei huuonyesha. Ligamenti, yaani ule utepe unaofunga mfupa kwa mfupa, ikikatika, picha ya kawaida inaweza kutoka safi kabisa. Majeruhi anafungwa bandeji, anapewa dawa ya maumivu, anarudi kwenye baiskeli yake, kwenye gereji yake mtaani Buyenzi au kwenye pikipiki yake. Baada ya miezi kadhaa hawezi kufungua nati iliyokaza, na chombo kizito kinamponyoka.

Ligamenti inayoumia zaidi kwa namna hii ni ile inayoshikanisha skafoidi, mfupa ulio chini ya kidole gumba, na lunati, jirani yake wa katikati. Ina sehemu tatu, na iliyo imara kuliko zote ni ya upande wa mgongo wa mkono. Kwa maumbile skafoidi hupenda kuinama kuelekea kiganjani, na lunati hupenda kuelekea nyuma. Zikiwa zimefungwa pamoja zinazuiana. Kifungo kikikatika, kila moja inakwenda zake. Linscheid na Dobyns wa Marekani walieleza kuyumba huku kwa kina mwaka 1972. Mwaka 1984 Watson na Ballet wakaonyesha mwisho wake: gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, huliwa kwanza kwenye ncha ya radiasi, mfupa wa kigasha ulio upande wa gumba, kisha kwenye kitako chote cha skafoidi, kisha katikati ya kifundo. Kati ya radiasi na lunati gegedu kwa kawaida hubaki salama. Jambo hilo tulikumbuke, litatufaa.

Kuligundua jeraha hili hakuhitaji mashine za mamilioni, na hapa ndipo ninapotaka madaktari wetu wasimame kidogo. Daktari hubana kwa gumba lake kinundu cha skafoidi upande wa kiganja, huku akiupeleka mkono wa mgonjwa kutoka upande wa kidole kidogo hadi upande wa gumba. Skafoidi isiyofungwa huteleza nyuma juu ya ukingo wa radiasi. Ikiachiwa hurudi ghafla, kwa maumivu ambayo mgonjwa anayatambua mara moja. Kwa kuwa wapo watu waliozaliwa na viungo vilegevu, mkono wa pili nao lazima upimwe. Kisha zipigwe picha za mikono yote miwili, mgonjwa akiwa amekunja ngumi kwa nguvu. Ngumi husukuma mifupa, na nafasi iliyojificha wakati mkono umelala inafunguka. Ikizidi milimita 3, na ikiwa pana kuliko ya mkono mzima, shaka ni kubwa. Picha ya ubavuni hupima pembe kati ya mifupa hiyo miwili: kawaida ni digrii 30 hadi 60, na ikivuka 70 lunati imekwisha geuka nyuma.

Zikipita wiki sita hivi, ncha za ligamenti huwa zimenywea, na kuzishona peke yake mara nyingi hakushiki. Ndipo inapokuja kazi ya kujenga upya. Giorgio Brunelli, daktari wa Brescia huko Italia, pamoja na mwenzake wa ukoo huo huo, walichapisha mwaka 1995 njia ya kutumia kano ya mgonjwa mwenyewe. Wengine wakairekebisha, na mwaka 2006 Garcia-Elias, Lluch na Stanley wakaeleza umbo linalotumika sana leo, linalochukua nafasi ya ligamenti tatu kwa utepe mmoja.

Mpasuaji hufungua mgongo wa mkono na kuingia ndani ya kiungo kwa kuufuata mkondo wa nyuzi za ligamenti, bila kuzikata kukingama. Kwanza kabisa anatazama gegedu, kisha anajaribu kuirudisha mifupa mahali pake kwa mkono. Majibu ya mambo haya mawili ndiyo yanayoamua kama operesheni iendelee. Gegedu ikiwa imeliwa, au mifupa imekauka katika mkao mbaya na haikubali kurudi, kano yoyote itakayovutwa itakatika au italegea, na mgonjwa atakuwa ameteseka bure.

Majibu yakiwa mazuri, mpasuaji anachukua utepe mwembamba, kama milimita 3, kutoka kwenye kano inayokunja kifundo upande wa gumba. Nusu nyingine ya kano inaachwa ifanye kazi yake, na utepe wenyewe haukatwi kule chini unakoshikamana na mfupa. Kisha anatoboa skafoidi kwa drili, kutoka mahali ligamenti ya zamani ilipokuwa hadi kwenye kinundu cha upande wa kiganja. Mwelekeo wa tundu hili ndio moyo wa kazi yote. Likikaa vibaya, mfupa unaweza kupasuka, au utepe ukavuta bila kuinyanyua skafoidi kutoka kwenye kuinama kwake. Utepe unapitishwa tunduni, unatokea mgongoni, unalazwa juu ya lunati iliyokwanguliwa hadi damu ionekane ili ushikane na mfupa. Mwisho unapitishwa chini ya ligamenti inayotoka radiasi kwenda upande wa kidole kidogo, unarudishwa, unakazwa na kushonwa juu yake wenyewe. Waya mbili za chuma zinaishikilia skafoidi kwa majirani zake wakati kano inashika.

Ukitazama orodha ya vifaa, drili, waya, uzi, plasta na mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, hiki si kitu kilicho nje ya uwezo wa Bujumbura, mji wenye hospitali kama Prince Régent Charles na ile ya chuo kikuu iliyoko Kamenge. Burundi imo katika chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kwa hiyo njia ya kumpeleka kijana wetu kujifunza chini ya mikono yenye uzoefu ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mgonjwa kufika mapema. Wengi hupitia kwanza kwa mganga wa kuunga mifupa, ambaye huvuta na kukanda. Kwa ligamenti iliyokatika, kila mvuto huongeza uharibifu.

Mgonjwa naye aambiwe ukweli kabla ya kulala mezani. Kifundo hakirudi kuwa kile cha zamani. Garcia-Elias na wenzake waliripoti juu ya wagonjwa 38: wengi walipata nafuu ya maumivu, lakini nguvu ya kushika ilikuwa kwa wastani kama theluthi mbili ya mkono wa pili, na kukunja kifundo kulipungua. Kwa karani hilo si kitu. Kwa fundi wa gereji ni hesabu nzito, hasa ukiongeza plasta ya wiki sita, waya zinazotolewa karibu na wiki ya nane, na mazoezi ya miezi kadhaa. Mazoezi yenyewe huanza na mwendo wa kuutoa mkono nyuma upande wa gumba na kuupeleka mbele upande wa kidole kidogo, kama anayerusha mshale mdogo, kwa kuwa mwendo huo hauzivuti sana skafoidi na lunati.

Kwa aliyechelewa, gegedu ya skafoidi ikiwa imekwisha, kano isiguswe. Ndipo ile sehemu iliyosalimika kati ya radiasi na lunati inapofaa: skafoidi inatolewa, mifupa minne kati ya iliyobaki, lunati ikiwemo, inaunganishwa iwe mmoja, na lunati inaendelea kuzunguka juu ya radiasi kwenye gegedu yake nzima. Mwendo unapungua karibu nusu. Maumivu hupungua sana, na fundi anaweza kushika spana tena.